Hataza Kabla ya Makala

Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler, kijana asiyetimiza miaka 30, pamoja na ustadhi wake César Milstein, walipotangaza katika jarida la Nature namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja, ambazo baadaye zilizaa dawa zenye faida isiyo kifani, hapakuwa na hataza (haki ya pekee ya mvumbuzi) iliyoombwa. Na kwa kuwa sharti la hataza ni upya wa uvumbuzi, jambo likishadhihirishwa hadharani, haki hiyo katika nchi nyingi hupotea, ingawa Marekani hutoa muhula wa miezi 12. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1984. Mrabaha wa mbinu ile, la. Basi, ewe mtafiti chipukizi, kabla hujapeleka makala jaridani, wasiliana na ofisi ya hataza: BRELA ukiwa Tanzania, au KIPI ukiwa Kenya.