Kompyuta Kuukuu Isitupwe Bado

Huenda nyumbani mwako imo kompyuta ambayo fundi amekwisha kuihukumu. Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi za zamani. Kabla hujaiuza kwa bei ya chuma chakavu, ijaribu Linux.

Kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuibadili, leo yako mamia ya matoleo, na wingi huo ndio uwatishao wageni. Usihangaike nao. Debian, ya mwaka 1993, ndiyo mama wa Ubuntu iliyotoka mwaka 2004 (jina hilo ni ndugu wa neno letu utu), nayo Ubuntu ikazaa Linux Mint mwaka 2006. Anayeanza namchagulia Mint, ile ya Xfce, ambayo hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali.

Iandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus, maana kunakili tu hakutoshi, kisha washa kompyuta kwa flashi hiyo. Linux itafanya kazi pasipo kugusa kilichomo. Pima sauti, printa na Wi-Fi. Kifaa kikigoma, jaribu toleo jingine.

Lakini siku ya kuisimika, ukikubali diski ifutwe, picha za harusi na barua za marehemu babu zitakwenda zisirudi. Zinakili kwanza mahali pengine, kisha uzifungue huko, moja moja, uone kama zinasomeka.