Boti ya Jumamosi Lazima Ifanye Kazi Jumanne

Mfanyabiashara wa Kaliua au Urambo, mkoani Tabora, ambaye tumbaku, asali au mbao zimempa akiba, na ambaye sasa anatafuta boti ya kupumzikia na familia mwisho wa wiki, ana maji ya namna mbili karibu naye, na Usinge, mji ulio kwenye reli ya kati, iko kati ya hayo mawili. Jirani kabisa kuna Ziwa Sagara na mito ya Ugalla na Malagarasi, sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi yenye hekta 3,250,000, ambayo Aprili 2000 iliingia katika orodha ya Ramsar ikiwa ya kwanza kutoka Tanzania. Mwisho wa reli, upande wa magharibi, kuna Kigoma na Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Boti anayoonyeshwa na wauzaji kwa kawaida ni ileile kwa maji yote: chombo cha faiba cha mita tisa hadi kumi na moja, chumba cha kulala chini ya omo, jiko dogo, choo, na injini mbili za petroli nyuma. Naona boti ya ukubwa huo inapimwa vibaya. Watu huhesabu vitanda na kutazama mwendo wake siku ya majaribio. Kipimo chenye maana ni kazi inayoweza kuingiza fedha kati ya Jumatatu na Ijumaa, na umbali uliopo kutoka mwaloni hadi kwa fundi anayeweza kuifungua injini yake. Kwa kipimo hicho, nyingi ya boti zinazouzwa kama za starehe hazifai magharibi mwa Tanzania, lakini ipo ya urefu uleule inayofaa sana.

Sagara tuimalize mapema. Ni ziwa la kina kifupi, lenye mafunjo na majani ya maji, na kiangazi maji hurudi nyuma. Boti ya mita kumi yenye injini za ndani huzama karibu mita moja ukihesabu na propela. Hapo itakwama kabla haijafika popote, na majani yataziba tundu linalovuta maji ya kupoza injini. Viboko nao hawajui chombo ni cha bei gani. Juu ya hayo, boti ya urefu huo ina upana wa mita tatu na zaidi, hivyo kuipitisha barabarani kunahitaji kibali maalumu na lori la kuvuta chini, gharama inayorudi kila inapohamishwa. Kwa Sagara na Ugalla kinachofaa ni boti ya wazi ya mita sita au saba, kitako bapa, na injini moja ya kupachika ya nguvu farasi 15 hadi 40 inayoinuliwa kwa mkono maji yakipungua. Hiyo hiyo Jumanne inabeba samaki, watafiti au watalii wa ndege. Atakayekuambia Sagara inahitaji chumba cha kulala anauza chumba.

Swali gumu ni la Tanganyika, na hapo ushahidi wa kwanza unatoka kwenye njia yenyewe inayopita Usinge. Tangu zama za misafara, tatizo la boti katika ukanda huu limekuwa kuifikisha na kuitunza, kuliko kuinunua. Msafiri Mwingereza Richard Burton alikuja na boti ya chuma ya vipande kwa ajili ya safari yake ya 1857, akaiacha pwani kwa kukosa wapagazi. Alipofika Ujiji, kando ya ziwa, na mwenzake John Speke Februari 1858 ikabidi wakodi mitumbwi, na Speke akavuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kwenda kuomba jahazi la mfanyabiashara wa Kiarabu, akarudi bila jahazi. Msafiri aliyemfuata, Henry Morton Stanley, alijifunza kutokana na hilo: Lady Alice, boti yake ya safari ya 1874, iliundwa kwa sehemu zinazobebeka mabegani, na mwaka 1876 ikalizunguka ziwa lote. Lakini waliopata faida ya kila siku kutokana na chombo cha majini hawakuwa wasafiri hao. Walikuwa wenye mitumbwi ya kivuko cha Malagarasi, ambao Burton na Stanley wote wawili waliwalipa ushuru mkubwa wa nguo ili wavuke. Mitumbwi hiyo ilifaa mto wake, ilitengenezwa na mafundi wa hapohapo, na ilikuwa na wateja kila msafara ulipopita.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliweka boti za aina mbili katika ziwa hilohilo, na hakuna jaribio la wauzaji lililo bora kuliko lile. Waingereza walileta Mimi na Toutou, boti mbili za mbao za mita kumi na mbili hivi, zenye injini za petroli na mwendo mkali, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya kuhudumia ndege za majini. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Kongo, zikafika ziwani Oktoba. Desemba 26 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi ikasaidia kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ushindi ulikuwa wa kweli, ila boti zenyewe zilikuwa nyepesi mno kwa ziwa lile: mzinga wa mbele haukuweza kupigwa kuelekea ubavuni bila kuhatarisha mbao. Upande wa pili, Wajerumani walileta meli Graf von Götzen kutoka Papenburg ikiwa ndani ya makasha 5,000, kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli ya kati kuelekea Kigoma. Ilishushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 baada ya mafundi kuzipaka injini grisi nzito, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi ya abiria na mizigo kwa jina la Liemba kwa miongo mingi. Silinganishi ukubwa, mita 71 ni habari nyingine. Nalinganisha mpango: moja iliundwa kwa mbio za muda mfupi, nyingine kwa kazi ya kila juma na kwa mafundi watakaokuja baadaye.

Sasa tuingie kwenye mafuta, kwa sababu ndiyo yanayoamua. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo injini ya petroli iliyoandikwa farasi 150 inatoa kama 138 Kigoma, kabla hujapakia mtu. Propela iliyochaguliwa kwa bahari ya Dubai au Mombasa itakuwa nzito kwake. Injini haitafika mizunguko iliyokusudiwa, itakula mafuta na kuchakaa. Chukua boti ya mita kumi yenye injini mbili za namna hiyo, ikikimbia kilomita 40 kwa saa na kutumia lita 65 hivi kwa saa. Kutoka Kigoma hadi Gombe, kilomita 16, haina shida: chini ya nusu saa. Hadi Mahale, kama kilomita 120, ni saa tatu na lita 195, na kanuni ya manahodha ya theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba inataka uondoke na lita 585. Boti ya urefu uleule yenye injini moja ya dizeli, kiuno chembamba na mwendo wa kilomita 16 kwa saa hutumia lita 15 hivi kwa saa. Mahale ni saa saba na nusu na lita 112 au 113, na tangi la lita 340 linatosha. Zidisha mwenyewe kwa bei iliyobandikwa kituoni.

Mtu atapinga, na ana haki, kwamba saa saba na nusu za kwenda peke yake si mapumziko ya mwisho wa wiki kwa mtu ambaye tayari amesafiri kutoka Kaliua hadi Kigoma. Ni kweli. Mahale si safari ya Jumamosi kwa boti ya dizeli ya mwendo wa kazi. Lakini tukiwa wakweli, si safari ya Jumamosi hata kwa boti ya kasi, kwa sababu kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi unapata mamia ya kilomita za maji wazi ya kuusukumia mawimbi, na boti iliyopewa daraja C, yaani mawimbi yasiyozidi mita mbili, inafika mpaka wake mapema. Kwenye wimbi la uso boti ya kasi hulazimika kupunguza mwendo hadi ule wa dizeli, huku ikichoma petroli. Mapumziko ya Jumamosi yako Gombe na kwenye ufuko wa karibu, na kwa safari hizo tofauti ni nusu saa dhidi ya saa moja.

Hoja ya pili ni ya bei: boti zilizotumika kutoka Ghuba, Japani au Ulaya huonekana rahisi mno. Zinaonekana hivyo kwa sababu muuzaji ameshakimbia gharama inayofuata. Boti ya miaka kumi na tano ya maji ya chumvi ikaguliwe ikiwa juu ya nchi kavu. Faiba igongwe kwa nyundo ndogo pote, hasa tezi, kwa kuwa mlio mfu una maana mbao ya ndani imelowa. Shinikizo la silinda lipimwe, na tofauti ikizidi asilimia 10 kati ya silinda, simama. Mabomba ya moshi ya injini za ndani huliwa na chumvi ndani kwa ndani baada ya miaka kama sita, yakitoboka maji huingia kwenye injini. Mifumo inayounganisha injini ya ndani na mguu wa nje hutegemea mipira ya mikunjo ambayo ikipasuka inaweza kuzamisha boti ikiwa imefungwa gatini. Hata zinki zilizofungwa chini ili kutu ile hizo kwanza hazifanyi kazi ipasavyo kwenye maji baridi. Lazima zibadilishwe kwa magnesiamu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoshindikana, ila kila kimoja kinahitaji spea ya chapa fulani na fundi aliyeisomea, na boti iliyoko Kigoma ikisubiri kifaa kutoka ng'ambo inazidi kuharibika. Petroli huganda kwenye kabureta, betri hufa, maji ya ngama huozesha.

Wengine watasema starehe haitakiwi kupigiwa hesabu za faida. Mtu amefanya kazi, aache afurahi. Nakubaliana na furaha, na natamani familia nyingi zaidi za Tabora zilione ziwa hili kutoka majini. Lakini boti za starehe kote duniani hutumika saa chache mno, mara nyingi chini ya mia moja kwa mwaka, na injini inayokaa huharibika haraka kuliko inayofanya kazi. Kuipa boti kazi ya katikati ya wiki ndiyo njia ya kuikuta nzima Jumamosi. Kazi hiyo isiwe ya uvuvi peke yake: Tanganyika ilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15, 2024, na aliyekuwa na mteja mmoja tu, yaani samaki, alisubiri. Boti ya dizeli yenye sitaha wazi na kibanda cha kulala watu wanne inaweza kubeba watalii wa Gombe, wauguzi wa vijiji visivyo na barabara, watafiti, au saruji ya shule.

Boti hiyo inaweza kuundwa hapahapa. Kigoma na Ujiji wana mafundi wanaounda vyombo vya abiria na uvuvi, na Tabora ina mninga, mti ambao ukikaushwa vizuri haunywei sana wala kupinda, sifa ambayo mjenzi wa boti huitafuta. Kinachotakiwa ni vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na subira ya kukausha. Anayesema boti za mbao za ziwani si salama ana ushahidi, kwani nyingi hupakiwa kupita kiasi na hazina sehemu zilizozibwa za kuzuia kuzama. Hayo ni mambo ya mchoro na ukaguzi. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ina mamlaka ya kukagua, na mteja anayelipa oda nzima ana uwezo wa kudai vyumba vya hewa, reli za mkono na maboya ya kila abiria kabla hajatoa malipo ya mwisho. Benki zinazokopesha boti za faiba kwa wavuvi zingefanya vema pia kukopesha karakana ya dizeli na ghala la spea Kibirizi, mwalo wa Kigoma, kwa sababu huko ndiko mkopo wa boti huokolewa au kupotea. Mteja wa Kaliua anayetaka kuanza leo aanze na injini: aulize Kigoma ni ipi ambayo vichujio, pampu na gaskiti zake ziko dukani, aiagize hiyo, halafu fundi aichore boti kuizunguka.