Mafuriko Yakija, Toka Kwanza: Pesa Yako Haijabebwa na Maji

Mvua ya masika ya 2024 wengi wetu hatujaisahau. Jijini Nairobi, Mto Mathare ulivunja kingo na maji yakaingia kwa nyumba za watu. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yalishuka kwa kishindo watu wakiwa wamelala, na makumi wakapoteza maisha. Kwa wenzetu wa Nyando, Budalangi na Tana River, kuhama kwa sababu ya maji ni jambo wanalolijua tangu utotoni.

Kuna kosa moja ambalo hurudiwa kila mafuriko. Mtu ameshatoka salama, halafu anarudi ndani. Anafuata simu iliyoachwa kwa chaji, au mkebe wenye pesa za chama. Tafadhali, usirudi.

Simu ni kifaa tu. Pesa yako iko kwa akaunti, haiko ndani ya simu. Simu ikizama, salio linabaki vile lilivyokuwa, na laini yako inaweza kurudishwa. Maisha hayana laini ya pili.

Kabla maji hayajafika

Ukisikia onyo la Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, au uone mto umebadilika rangi na kupanda, jipange mapema:

- Pesa taslimu ulizoweka nyumbani, zipeleke kwa wakala uziweke kwa akaunti. Bakisha kiasi kidogo cha nauli na maji ya kunywa, kwa sababu duka la wakala linaweza kufungwa au netiwaki ikapotea.
- Funga kitambulisho, kadi za kliniki za watoto na dawa za kila siku ndani ya karatasi ya plastiki isiyopitisha maji. Weka mahali unapoweza kuzichukua hata gizani.
- Chaji simu ikiwa stima bado iko.
- Andika kwa karatasi namba za watu wako watatu. Simu ikipotea, wengi wetu hatukumbuki hata namba ya mama.
- Kubalianeni na familia ni wapi mtakutana, mahali palipoinuka.

Maji yakiingia

Zima stima kwa swichi kuu ikiwa unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama tayari umesimama ndani ya maji, usiiguse. Anza na watoto, wazee na wagonjwa, na muelekee juu.

Usivuke maji yanayokimbia, hata kama unaona wenzako wanavuka. Maji ya sentimita 15, yaani hayajafika hata gotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinabeba gari. Dereva wa matatu au bodaboda akisema "tutapita tu", shuka. Nauli utatuma tena kesho.

Ukihitaji msaada, piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapatikana kwa 1199, bila malipo.

Maji yakishuka, magonjwa hupanda

Maji ya mafuriko yamepitia vyoo vya shimo, mitaro na takataka. Hapo ndipo kipindupindu na homa ya matumbo huanzia.

- Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote vizuri, au uyatibu kwa dawa ya klorini ukifuata maelezo ya pakiti. Maji yakionekana safi haimaanishi ni salama.
- Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko, tupa. Inauma, lakini hospitali ni ghali kuliko gorogoro ya unga.
- Vaa gambuti ukisafisha nyumba, na uangalie nyoka kabla ya kuinua godoro.
- Lala ndani ya neti. Maji yaliyotuama huleta mbu, na mbu huleta malaria.

Mtu akianza kuhara, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Akinywa kidogo kidogo, mpeleke hospitalini. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, kwa hivyo usisubiri kesho.

Simu ikipotea au ikilowa

Ikipotea, omba simu ya mtu, upigie huduma kwa wateja na uombe laini na akaunti zifungwe. Baadaye nenda na kitambulisho chako urudishiwe laini. Usimtajie yeyote PIN yako, hata huyo aliyekusaidia na simu.

Ikilowa, izime, toa laini na uikaushe. Usiichaji ikiwa bado ina maji.

Matapeli nao hawalali

Wakati wa mafuriko utapata ujumbe kama huu: "Mjomba, simu yangu imebebwa na maji. Tuma kwa hii namba." Inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa mtu aliyeketi mahali pakavu kabisa. Piga simu hiyo, sikiliza sauti, uliza jambo ambalo ni nyinyi wawili tu mnalijua. Kisha soma jina linalotokea kabla hujathibitisha kutuma.

Na ukiambiwa ulipe "ada ya usajili" ili upate msaada wa mafuriko, huo ni wizi. Ukitaka kuchangia, tumia namba ya malipo iliyotangazwa na shirika lenyewe, si ile iliyotumwa kwa grupu na mtu usiyemjua.

Leo, kabla mawingu hayajakusanyika, fanya mambo mawili: andika zile namba tatu kwa karatasi, na uwaambie watu wa nyumbani kwako kwamba maji yakija, hakuna anayerudi kufuata simu.