Wati za Bokosi na Sauti ya Sebuleni

Mnunuzi aingiaye dukani Kariakoo, au Darajani, au katika barabara ya Luthuli mjini Nairobi, akiwa na fedha kiasi na nia ya kupata chombo cha kumpigia muziki na kumsikizisha filamu nyumbani kwake, hulakiwa kwanza, kabla hata ya salamu ya muuzaji, na nambari zilizochapwa kwa rangi kali ubavuni mwa bokosi: wati 5,000, wati 8,000, wati 12,000, na kwa kuwa akthari ya watu huamini kwamba kilicho kingi ndicho kilicho bora, huchagua nambari kubwa kupita zote ambayo mfuko wake unaiweza, akarudi kwake na sabufa yenye taa za kumetameta na visanduku vitano vyepesi, asijue kwamba alichokilipia zaidi ni wino.

Nambari hizo hufuatwa na herufi nne, PMPO, ambazo hudai kueleza nguvu ya kilele, ile ambayo chombo chadhaniwa kuweza kuitoa kwa mpepeso wa jicho. Walakini hakuna kanuni moja iliyokubaliwa na wahandisi ya namna ya kuipima, na kwa hiyo kila kiwanda hujikadiria kipendavyo. Kipimo cha haki ni kile kiandikwacho RMS, nacho hubainisha nguvu ambayo chombo huweza kuidumisha pasipo sauti kuchafuka. Ghashi ya namna hii si jambo la kwetu peke yetu wala si la leo, kwani hata Marekani watengenezaji wa amplifaya walitia chumvi mno katika matangazo yao, hata ikabidi mwaka 1974 tume ya serikali isimamiayo biashara itoe kanuni ya kuwalazimisha kutaja nguvu ya kudumu. Asiyeona RMS popote na akigeuze chombo, asome kibandiko cha mgongoni kisemacho kinakula umeme kiasi gani. Nambari hiyo nayo haisemi kila kitu, maana aghalabu hupimwa chombo kikiwa katika kazi ya wastani. Lakini chombo kinachokula wati 60 hakitatoa wati 5,000, hata kikiapishwa.

Na hata wati za kweli zina ghururi yake. Ukiziongeza mara mbili, tuseme kutoka 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kadiri ambayo sikio huitambua bila ya kustaajabu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, yatakiwa wati zizidishwe takriban mara kumi. Fauka ya hayo, mtu asikilizaye sebuleni kwa kiasi cha kutowaudhi jirani hutumia aghalabu wati moja au mbili. Nambari yenye faida zaidi kuijua ni ile ya wepesi wa spika, ambayo huandikwa kwa desibeli kwa wati moja katika umbali wa mita moja: spika ya desibeli 90 hutaka nusu tu ya umeme utakiwao na spika ya 87 kwa sauti ile ile. Hili wauzaji hawalitaji, nami sidhani kwamba wote hulificha. Wengi hawajapata kuulizwa.

Rai yangu, kwa hiyo, ni kwamba mwenye fedha kidogo na anunue spika mbili njema na amplifaya ya wastani, na zaidi ya nusu ya fedha yake iende kwenye spika. Bei ya bokosi moja ikigawanywa baina ya spika sita, amplifaya, rimoti na taa, kinachoifikia kila spika ni plastiki nyembamba na koni ya karatasi hafifu. Bei ile ile ikigawanywa kwa mbili, hutokea sanduku la mbao zito, lisilotetema lenyewe wakati lapaswa kutetemesha hewa.

Hapa atasimama mpenda besi kuuliza mbona spika mbili za kuweka rafuni hazitikisi madirisha. Anton Hofmann, mhandisi aliyekuwa mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya KLH nchini Marekani mwaka 1957, na ambaye baba yake alikuwa mpiga piano mashuhuri, ndiye anayenasibishwa na kanuni ambayo mafundi huiita sheria ya chuma: sanduku dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa umeme kidogo ni mambo matatu ambayo hayapatikani pamoja, na mtengenezaji akitaka mawili sharti aliache la tatu. Spika ya rafuni yenye koni ya inchi 5 au 6 hushuka kwa kawaida hadi karibu hezi 55 au 60, kisha hunyamaa taratibu.

Je, hilo ni hasara? Inategemea asikilizacho mtu. Katika taarabu ya asili, fidla haishuki chini ya hezi 196, na hata lile zeze kubwa la besi, ambalo huanzia hezi 41, hupoteza katika spika hizo noti chache tu za mwisho, ambazo nazo sikio huzikisia kwa kuzisikia sauti za juu ziambatanazo nazo. Mwenye kupenda santuri za Siti binti Saad, alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, hana haja ya sabufa hata chembe, kwani vyombo vya zama zile havikunasa besi ya kina. Anachohitaji ni usafi pale katikati, ilipo sauti ya mwanadamu. Mpenzi wa singeli ana haki ya kulalamika, naye na aanze na spika mbili, kisha fedha ikipatikana aongeze sabufa moja ya kweli, aipe kazi ya chini ya hezi 80 na kuziachia spika mbili yaliyobaki.

Kwa upande wa filamu, maneno ya waigizaji hupitishwa zaidi katika spika ya kati, na hii ndiyo hoja ya wauzao seti za spika tano na sabufa. Lakini spika mbili zikipangwa sawa, na televisheni au amplifaya ikiamriwa kutoa njia mbili, maneno hayo hugawanywa sawasawa kulia na kushoto, na aketiye katikati huyasikia yakitoka kiooni, pasipo na spika yoyote. Hilo ndilo alilolitafuta Mwingereza Alan Blumlein, ambaye husimuliwa kwamba alikereka katika ukumbi wa sinema kumwona mwigizaji akienda huku sauti yake ikibaki pale pale, na mwaka 1931 akaomba hataza ya kile tukiitacho leo stereo. Kwa kuunganisha na televisheni, amplifaya na iwe na tundu la HDMI lenye alama ya ARC, au la waya wa mwanga. Bluetooth yafaa kwa muziki, bali katika filamu maneno huweza kuchelewa nyuma ya midomo.

Yote haya huharibiwa au kutengenezwa na chumba. Sebule nyingi za leo zina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo, na sauti itokayo katika spika hugonga huku na kurudi kule hata herufi za maneno zikafunikana. Piga kofi moja katikati ya chumba, na ukisikia mlio wa kuvuma baada ya kofi, jua kwamba fedha ya kwanza ingefaa iende kwenye zulia na mapazia mazito. Wazee wa Lamu, waliochonga safu za zidaka katika kuta zao, hawakuwa na nia ya spika. Hata hivyo ukuta uliojaa mashimo ya kina na vyombo ndani yake huitawanya sauti, jambo ambalo ukuta mtupu wa lipu hauliwezi, na kabati la vitabu huigiza kazi hiyo kwa bei nafuu. Spika ziwekwe mbali na pembe za chumba, ambako besi huvimba ikawa uvumi. Kispika kile kidogo cha sauti nyembamba kilingane na sikio la aliyeketi. Na umbali baina ya spika mbili ukaribiane na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji. Kuziweka juu ya kabati la nguo, au moja mlangoni na nyingine jikoni, ni kuitupa thamani yake.

Waya usimtaabishe mtu. Ule wa shaba wa milimita za mraba 1.5, auzao fundi umeme, watosha katika sebule ya kawaida, maadamu ni shaba tupu na si aluminiamu iliyovikwa ganda la shaba.

Limebaki soko la vyombo vilivyokwisha kutumika, ambalo kwa mwenye macho ndilo lenye heri zaidi, kwani amplifaya ya Kijapani ya miaka 30 iliyopita mara nyingi huishinda mpya ya bei ile ile. Tahadhari ya kwanza ni umeme: chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani hutaka volti 100, na cha Marekani volti 120, ilhali ukutani mwetu mna 230 au 240, na kukichomeka moja kwa moja ni kukiua, kwa hiyo chatakiwa transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi kile kinacholiwa na chombo. Tahadhari ya pili ni lile povu lizungukalo koni ya spika, ambalo huoza kwa umri, na hewa yetu ya pwani hulihimiza. Isogeze koni taratibu kwa vidole kote kote: ikikwaruza ndani, iache, ikienda sawa na povu peke yake ndilo lililomomonyoka, dai upunguziwe bei, kwa kuwa fundi hodari huweza kulibadilisha kwa mpira.