Nani Anaruhusu Kupima Dawa kwa Mgonjwa?

Wengi huku kwetu wanasema: "Wanatupima dawa kama panya." Hatuwacheki, woga ule una sababu. Lakini tuangalie kazi ya Ebola.

Mwezi wa 11, 2018, wamunganga walianza kulinganisha dawa; kazi ile ilifanyika Beni, Mangina, Katwa na Butembo, na mwishowe dawa zikawa 4. Profesa Muyembe wa INRB alikuwa kati ya viongozi, pamoja na Wamarekani. Mbele ya kuanza, kamati ya Chuo Kikuu cha Kinshasa ilipashwa kukubali mpango. Kamati kama ile inauliza: mgonjwa ataelezwa kwa luga gani? Akikataa, atatunzwa sawasawa na wengine? Mtu wa ng'ambo peke yake hawezi kujua majibu.

Mwezi wa 8, 2019, dawa 2 zilionekana kushinda, basi zile zingine zikaachwa. Kwa hizo, nusu hivi ya wagonjwa walikufa. Kwa zile nzuri, mmoja hivi kwa watatu.

Bado jambo moja linatusumbua. Mtu mwenye homa kali, ndugu yake amekufa jana, anatia saini: anaelewa nini? Hapo munganga apashwa kukaa chini, aeleze tena polepole, na angoje.