Dume Yupi Auawe: Mila ya Uwindaji Katika Mapori ya Kiegei

Wageni wanaofika Nachingwea na Ruangwa, wakalikuta pori limenyamaza pale walipotazamia kuona makundi ya wanyama, aghalabu hutoa hukumu moja: kwamba wenyeji wa kusini mwa Tanzania, Wamwera kwa Wangindo, Wayao kwa Wamakua, walikuwa watu wa kuua kila chenye miguu minne kilichokatiza mbele ya mkuki, wasichague wala wasibakize. Nimeisikia hukumu hiyo katika mabaraza ya watu wenye elimu na cheo, na kila niisikiapo moyo wangu huingiwa na simanzi, kwa kuwa wanaoitoa hawakupata kuketi na mwindaji hata mmoja wa zamani wa Kiegei, huko Nachingwea, wakamsikia akiuliza lile swali lililotangulia kwake kuliko shabaha na kuliko mbwa: katika kundi hili, dume yupi auawe?

Nasema dume, kwani juu ya jike mwenye mimba au mwenye ndama ubavuni hapakuwa na mashauri. Kumwua huyo kulihesabiwa kuwa ni dhulma, na kijana aliyelifanya jambo hilo, hata kwa kughafilika, hakuchukuliwa tena katika msafara wa mawindo mpaka wakubwa waridhike naye. Sheria ya wanyamapori ya leo nayo yakataza jambo lilo hilo, wala haikuja kutufundisha kitu kipya.

Mtazame swala pala, ambaye dume peke yake ndiye mwenye pembe. Masika yanapokwisha, mnamo mwezi wa Mei, madume huingia vitani, na yule ashindaye hukaa na majike, akawazunguka mchana kutwa na kuwafukuza wapinzani kwa mngurumo ambao asiyeujua hudhani ni wa mnyama mkali, hata akasahau malisho, akakonda, na baada ya majuma kadha wa kadha akaja mwingine mwenye nguvu mpya akamwondoa. Bwana wa kundi huyu ndiye aonekanaye upesi kuliko wote, tena ndiye aliye karibu, kwa maana hataki kuwaacha majike. Na mwindaji asiye na mafunzo humpiga huyo huyo. Wazee walikataa. Walisema kwamba akiondolewa kabla ya wakati wake, madume wengine huvamia kwa pamoja, majike wakakimbizwa huku na huku, na mimba zikachelewa. Ilhali ndama wa swala yampasa azaliwe mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, majani yakiwa machanga na maziwa ya mama yakiwa mengi.

Kando ya kundi hilo huwapo madume vijana wanaotembea pamoja, pembe zao hazijakamilika, nao waliachwa kwa sababu wao ndio akiba ya mwaka wa kesho. Akabaki yule wa tatu: dume aliyetawala akashindwa, mwenye masikio yaliyochanika na makovu ya shingoni, ncha za pembe zake zimesagika, mgongo umeanza kuonyesha mifupa, naye hula peke yake au nyuma ya wenziwe. Huyo ndiye aliyekuwa haki ya mwindaji, na kumpata hakukuwa kazi nyepesi, kwani mnyama aliyeishi miaka mingi katika nchi ya simba na chui hakuishi kwa bahati tu. Hadhari yake ni kubwa kuliko ya kundi zima.

Kwa palahala mambo yalikuwa magumu zaidi, maana jike naye ana pembe zilizopinda nyuma, na mwenye haraka huweza kumdhania kuwa dume. Mafundi walitazama rangi na shingo: dume kijana ni mwekundu wa udongo kama jike, na kadiri umri unavyomwendea ndivyo weusi unavyomfunika, hata akawa mweusi ti, tumbo jeupe, shingo imejaa. Tandala walimsoma kwa mizunguko ya pembe: mzunguko mmoja ni mtoto, na aliyetimiza miwili na nusu ni mtu mzima. Mbawala hakai katika kundi, basi hapo hapana wa kumlinganisha naye, na ilimlazimu mtu amfuate siku kwa siku kwa nyayo zake na mahali pake pa kunywa maji, hata ajue ni yupi, ndipo ainue gobori.

Na baada ya kuua, hukumu haikuwa imekwisha. Mkubwa wa msafara alikifungua kinywa cha mnyama akapitisha kidole juu ya magego. Yakiwa yamesagika, alisema neno jema, na yakiwa makali bado alinyamaza, na kimya kile kilimwuma mpigaji kuliko tusi. Namna hii ya kulipima jicho kwa jino, kila mara, mbele ya vijana, ndiyo iliyokuwa madrasa yetu, na katika mila zote za nyumbani hakuna niliyoionea fahari kama hiyo.

Ya dawa za mafundi na ya miiko ya mke aliyebaki nyumbani sitayasimulia. Lakini mgawanyo wa nyama sitaupita. Aliyepiga hakuwa mwenye nyama peke yake: mwenye bunduki alikuwa na fungu, mwenye mbwa alikuwa na fungu, na kwa kuwa sisi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, fungu la mjomba halikukosa, kisha wajane na wazee wasioweza kwenda porini. Waislamu, ambao ni wengi kwetu, walitaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kupiga, wakakimbia kumwahi mnyama akiwa hai wamchinje, na mahali palipoumwa na mbwa wakapaosha kama madhehebu ya Shafii yanavyoamrisha. Nyama iliyogawanywa hivi haikumshawishi mtu kuua wa pili.

Sidai kwamba hapakuwa na uharibifu. Biashara ya pembe za ndovu iliyoshuka Kilwa na Lindi iliwaingiza watu wetu katika mauaji yasiyo na kipimo, na hilo ni doa. Lakini swala hakuwa ndovu, na kitoweo hakikuwa bidhaa.

Maarifa ninayoyatetea yamekwisha kupata mashahidi mbali na Kiegei. Huko Alberta, Kanada, wataalamu waliwafuatilia kondoo wa milimani kwa miaka 30 hivi, wakaona kwamba wawindaji walipokuwa wakichagua daima dume mwenye pembe kubwa, pembe za kizazi kilichofuata zilipungua. Na swala waitwao saiga wa nyika za Urusi walipouawa madume kwa ajili ya pembe hata wakabaki wachache mno, majike wengi walikosa mimba. Katika nchi yetu yenyewe, kanuni za uwindaji wa kitalii zimeweka kwamba simba asiuawe kabla ya kutimiza miaka 6. Kuchagua kwa umri, basi, kumekubaliwa kwa simba wa mgeni mwenye fedha, na mzee wa Kiegei aliyekufanya kwa swala anaitwa jangili.

Dharau hiyo ni ya zamani. Sheria za kwanza za uwindaji zilitangazwa na gavana Wissmann mwaka 1896, Wadachi walipotawala. Pori la Selous likapewa jina mwaka 1922. Waingereza wakaleta matrekta yao ya mradi wa karanga Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, wakafyeka misitu, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, na Operesheni Uhai ya mwaka 1989 dhidi ya majangili. Katika mambo hayo yako ambayo yalikuwa ya lazima, kwani ndovu walikuwa wakiteketea. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo lililomwuliza fundi wa zamani anajua nini. Magobori yaliondoka, na jicho likaondoka pamoja nayo, kwa sababu jicho hufunzwa porini tu. Kijana wa leo atakayeingia porini kwa siri usiku, na kurunzi na waya za mitego, hachagui. Waya haujui jike wala dume, wala mzee wala mtoto.

Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 iliwafungulia wanavijiji mlango wa kushiriki katika hifadhi, na askari wa wanyamapori wa vijiji wapo. Nawaomba hao, pamoja na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, wawakusanye wazee waliosalia wa Kiegei, Kilimarondo na Liwale, wafuatane nao porini wakati wa kiangazi, waandike namna wanavyomtambua dume aliyemaliza zamu yake, na maandishi hayo yawe mezani idadi ya wanyama wa kuwindwa inapopangwa. Wazee hao ni wachache, na wengi wao hawana tena nguvu ya kutembea mbali. Kazi hii haiwezi kungoja.