Chokoleti ya Nyumbani na Mgonjwa wa Kisukari

Kakao hustawi Kyela, mkoani Mbeya, na chokoleti itokanayo na zao hilo huweza kuyeyushwa na kuundwa upya katika jiko la nyumbani. Kwa familia yenye mgonjwa wa kisukari, kazi hiyo ina manufaa: mgonjwa hupata vipande vyenye uzito unaojulikana. Lakini ina mtego mmoja.

Siagi ya kakao huyeyuka katika joto la takriban nyuzi 34 za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti huyeyuka mdomoni. Ikatekate vipande vidogo, kisha weka theluthi mbili katika bakuli kavu juu ya sufuria ya maji ya moto, bila bakuli kugusa maji. Matone machache ya maji yakiingia, chokoleti hushikana na kuwa nzito. Ikishayeyuka, iepue, ongeza theluthi iliyobaki na ukoroge taratibu. Chokoleti nyeusi humiminwa katika kalibu ikiwa na nyuzi 31 hadi 32. Trei ya barafu iliyo safi na kavu hufaa. Weupe ukijitokeza juu yake baadaye, mara nyingi ni mafuta yaliyopanda, wala si kuvu.

Vipande vilivyo sawa humsaidia mgonjwa kuhesabu. Takriban nusu ya uzito wa chokoleti ya maziwa ni sukari. Hivyo kipande cha gramu 10 hubeba karibu gramu 5, nazo zihesabiwe katika mlo wake wa siku.

Mtego ni kuifanya chokoleti hiyo kuwa dawa ya dharura. Anayetumia insulini, au vidonge viwezavyo kushusha sukari kupita kiasi, huweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa. Wakati huo chokoleti haifai, kwa sababu mafuta yake huchelewesha chakula kutoka tumboni, na sukari huchelewa kufika kwenye damu.

Kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mgonjwa mwenye fahamu apewe gramu 15 za sukari ya haraka: kijiko kikubwa kimoja cha sukari katika maji, au nusu kikombe cha juisi ya matunda. Apime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikishapanda, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asiwekewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na awahishwe hospitali.

Mhudumu wa afya katika kliniki ya kisukari hana budi kumuuliza kila mgonjwa wa aina hiyo: “Sukari ikishuka, unatumia nini?” Akijibu kuwa ni chokoleti, somo la siku hiyo lianzie hapo.